Ziara za Kujifunza Shambani: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Shamba letu lina ukubwa wa ekari nne, kando ya bonde la mto Lukuledi mkoani Lindi, upande wa barabara inayotoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi. Tuna mikorosho, mihogo, mbaazi, ufuta, bustani ya mboga, kuku wa kienyeji, mbuzi wachache na mizinga ya nyuki. Sehemu ya nyuma tumeiacha iwe kichaka, kwa makusudi. Tunapokea shule za awali, msingi na sekondari, vikundi vya wakulima, na familia zinazokuja na watoto wao. Haya ndiyo maswali ambayo walimu na wazazi hutuuliza kabla ya kuja.

Watoto wetu wamezaliwa kwenye kilimo. Waje kuona nini ambacho nyumbani hakipo?

Swali hili tunalipenda kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa. Mtoto wa Mtama au Nyangao mwenye miaka kumi ameshaokota korosho, ameshapalilia ufuta, na anajua shina lipi la muhogo ni chungu. Hatumwiti hapa kumfundisha kushika jembe.

Ila nyumbani kazi ina haraka. Msimu unabana, mama anataka kumaliza palizi kabla jua halijawa kali, na mtoto anayeuliza "kwa nini" anaambiwa afanye kazi. Hapa tunakaa kwenye hayo maswali. Kwa nini mbaazi hustawi kwenye udongo uliochoka wakati mahindi yanadumaa? Kwa nini mkorosho huu una unga mweupe kwenye maua na ule wa jirani yake hauna? Mtoto anang'oa mche wa mbaazi, anatikisa udongo, anaona vifundo vidogo kwenye mizizi. Tunampa wembe (mwalimu akiwa pembeni) akate kifundo kimoja. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea. Kikiwa kijani au cheupe, hakuna kinachoendelea. Mtoto ameipita mbaazi maisha yake yote bila kujua kwamba mizizi yake inarutubisha shamba. Akirudi nyumbani atang'oa nyingine akaangalie, na hapo ndipo somo linaanza hasa.

Mnaposema shamba rafiki wa mazingira, maana yake hamtumii dawa kabisa?

Hatutumii viuatilifu vya kuua wadudu wala dawa za kuua magugu. Salfa ya unga tunaitumia, na tunawaambia wanafunzi wazi. Ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye maua, ni ugonjwa mkubwa wa mikorosho katika mikoa yetu. Ukishika maua, korosho hazifungi. Salfa ni madini yanayokubalika hata katika kilimo hai, lakini ikizidi si njema kwa udongo, na vumbi lake huchoma macho na kifua. Kwa hiyo tunaanza na kazi ya mikono. Tunapogolea ili hewa na mwanga vipite ndani ya mti, na tunaondoa machipukizi yanayoota chini ya mwavuli wakati wa kiangazi, maana ubwiriunga hujificha humo ukisubiri maua. Mti unaozidiwa ndio unaopata salfa, asubuhi na mapema kukiwa hakuna upepo. Siku za kupuliza hatupokei wageni wowote.

Mkulima mwenye ekari ishirini za mikorosho na ada za shule za watoto wanne hawezi kuambiwa aache salfa kwa hotuba. Tunawaonyesha wanafunzi tunachofanya na gharama yake, wajadili wenyewe. Vidato vya tatu na nne wamewahi kubishana juu ya jambo hili mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Mbona kuna siafu juu ya mikorosho yenu na hamuwaui?

Hao si siafu, ni maji moto, aina ya chungu wanaoishi juu ya miti. Wanauma kweli, na wanapuliza tindikali kwenye jeraha. Lakini ni walinzi wetu.

Mikorosho ina adui anayeitwa mbu wa mikorosho, mdudu mwembamba anayefyonza chipukizi na maua mpaka vinakauka kana kwamba vimeungua. Maji moto humwinda mchana kutwa. Mti wenye makundi yao mengi hauhitaji dawa ya mdudu huyo, na jambo hili limefanyiwa utafiti hapa hapa kusini, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara.

Watoto tunawasimamisha umbali wa hatua moja na nusu, wanyamaze, waangalie kiota kinachojengwa. Chungu wanajipanga mstari kwenye ukingo wa jani, wanashikana viuno, wanalivuta jani la pili mpaka kingo zikutane. Kisha anakuja mwingine amebeba mtoto wao mdomoni, kiluwiluwi cheupe, anamgusisha jani hili, anamgusisha lile, na kila anapomgusisha uzi wa hariri unatoka. Chungu wakubwa hawana hariri, kwa hiyo watoto wao ndio sindano na uzi. Tumewaona wanafunzi wa darasa la tano wakikaa mbele ya kiota kimoja nusu saa nzima bila kusukumana.

Tunafunga pia kamba kutoka mti hadi mti ili maji moto wahamie mikorosho isiyo nao. Mzee anayetusaidia kwenye mikorosho hukerwa nao anapookota korosho, na ana haki. Wakati wa mavuno tunafanya kazi asubuhi na mapema, wakiwa bado wamepoa, na mwokotaji anajipaka majivu mikononi na miguuni.

Tunataka wanafunzi waone kilimo cha kisasa. Hapa hakuna trekta.

Ni kweli, hakuna. Mwalimu wa historia akija na darasa lake, hapa ndipo tunapozungumzia Nachingwea.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta na mitambo, nyingine mabaki ya vita, ikafyeka misitu. Reli ikajengwa, na bandari ya Mtwara ya maji marefu ikajengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Mvua haikuwa ile iliyoandikwa kwenye mahesabu, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu mno kung'oa karanga, mitambo ikaharibika. Reli ya kusini nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ndiyo iliyobaki, na leo inasafirisha korosho.

Hatusimulii haya ili kulikataa trekta. Tunamtaka mwanafunzi aione hatua iliyorukwa: kuijua ardhi kabla ya kuilima. Kwetu kilimo cha kisasa huanzia kwenye koleo la udongo, kipimo cha mvua na daftari. Kila kikundi kinachimba shimo la kina cha goti na kusoma tabaka za udongo, na kila siku mvua inaponyesha tunaandika milimita. Daftari hilo wanafunzi wanalitumia kuchora grafu, na walimu wa hisabati wanalipenda sana.

Mbona shamba lenu lina majani mengi? Hamjafyeka?

Tumefyeka, hatujachoma. Wengi wetu tulikuzwa tukijua shamba safi ni lile lililochomwa Oktoba likabaki jeusi. Moto unaokoa kazi, hilo halina ubishi, lakini unachukua majani ambayo yangekuwa mboji, na ukitoroka unaingia mikorosho ya jirani.

Tuna vipande viwili vilivyopakana: kimoja kitupu, kingine kina matandazo ya nyasi na mabua ya mbaazi. Saa sita mchana mtoto anachomeka kidole kwenye kile kitupu anakitoa haraka, udongo unawaka. Anachomeka chini ya matandazo, anakuta ubaridi na unyevu, na mara nyingi jongoo au nyungunyungu. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayofika hapo.

Matandazo yana shida zake pia. Mchwa huyapenda, na kwenye joto letu huyamaliza upesi, kwa hiyo tunaongeza kila mara na tunayaweka mbali kidogo na shina la mche mchanga.

Tunaweza kuleta wanafunzi waliopewa adhabu waje kufanya kazi?

Hapana. Hili hatulegezi.

Katika shule nyingi mtoto aliyechelewa anapewa jembe, aliyepiga kelele anapewa eneo la kufyeka. Anamaliza shule akiwa amejifunza kwamba ardhi ni mahali pa kupelekwa mtu aliyekosea, halafu tunashangaa vijana wakikimbia vijiji. Atakayekuja hapa aje kwa sababu amekaribishwa. Kazi za mikono zipo, kama kuchanganya mboji, kubebesha miche ya mikorosho (kuunga kikonyo cha mti mzuri kwenye mche), kuokota na kupanga korosho kwa ubora, lakini kila mmoja anachagua, na anayetaka kukaa kitako kuangalia kuku naye anajifunza. Tunawaomba walimu wenzetu walichukulie hivyo hivyo hata shamba la shule.

Ni msimu gani mzuri wa kuja?

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, mara nyingi zikikatika kidogo katikati. Kila kipindi kina chake.

Februari na Machi shamba ni kijani, ufuta umeota, vifundo vya mbaazi vinaonekana vizuri, vyura wamejaa dimbwini. Kuna matope; mjiandae. Juni hadi Agosti ufuta umevunwa na mikorosho inachanua, kipindi kizuri kwa wanaosoma magonjwa ya mimea na uchavushaji. Mbaazi mbichi zinakuwepo Julai hivi, na watoto hawaondoki bila kuzionja. Septemba hadi Desemba ni korosho na mabibo, yaani matunda ya mkorosho. Kwa wanafunzi wadogo, Oktoba ndiyo kilele: mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini na harufu yake imejaa kila mahali.

Darasa la saba wasipangiwe Septemba, wana mtihani wao. Kuhusu likizo ya Desemba, familia zinakaribishwa, ingawa tunajua watoto wengi wa huku wakati huo wapo jandoni na unyagoni.

Wakati wa Ramadhani mnapokea?

Ndiyo. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi na kumaliza kabla ya saa tano, kazi zote zikiwa kivulini, na hatupiki. Siku za Ijumaa, mwaka mzima, tunamaliza mapema ili wanaokwenda msikitini wawahi.

Korosho mbichi ni salama kwa watoto?

Tunda, yaani bibo, ni salama. Korosho yenyewe ikiwa kwenye ganda si salama kabisa kuing'ata. Ganda lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Watoto wa huku wengi wanajua, wengine wana alama nyeusi kwenye midomo kama ushahidi, lakini wale wanaotoka mjini au mikoa ya mbali hawajui. Tunalisema kabla ya gari kuzimwa.

Kubangua na kukaanga tunaonyesha wenyewe, watoto wakiwa upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa maganda nao unawasha. Mafuta yakimgusa mtu, aoshe kwa sabuni na maji mengi, asijifute macho. Na mzazi mwenye mtoto anayedhurika na korosho au karanga atuambie mapema: kuna watoto ambao punje moja tu huwavimbisha uso na kubana pumzi. Kwa kikundi chenye mtoto wa namna hiyo tunabadilisha ratiba nzima, na korosho haziguswi siku hiyo.

Nyoka je? Na upupu?

Nyoka wapo, kama kwenye shamba lolote la Lindi na Mtwara. Njia zote zimefyekwa upana wa mita mbili, watoto wanatembea katikati, na hakuna anayeingiza mkono kwenye shimo au chini ya gogo kabla mwenyeji hajaligeuza kwa fimbo. Viatu vya kufunika mguu ni lazima. Kandambili tunazibadilisha kwa mabuti yetu, ingawa hatuna ya kutosha watu wote.

Upupu unaota kwenye kichaka cha nyuma na maganda yake hukauka kuanzia Juni. Hatuingizi watoto huko miezi hiyo.

Watoto wanaogopa kinyonga na bundi. Mnafanyaje?

Hatuwacheki na hatuwalazimishi kugusa. Mtoto amesikia kwa bibi yake kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba, na sisi si watu wa kumwambia bibi yake ni mwongo.

Tunachofanya ni kuokota vidonge vya kijivu chini ya mti anapolala bundi wetu. Bundi hummeza panya mzima, kisha anatapika manyoya na mifupa aliyoshindwa kuisaga. Tunavilowesha, watoto wanavifungua kwa vijiti, wanahesabu mafuvu ya panya, taya zikiwa na meno yake. Halafu tunawapeleka ghalani waone mahindi. Mara nyingi kuna mtoto anayesema mwenyewe, kwa hiyo huyu anatulindia chakula. Kinyonga tunamwacha kwenye tawi, wanamwona akirusha ulimi kwa panzi. Tunaomba jambo moja tu: asirushiwe jiwe.

Kuna wanyama gani wengine?

Komba, ngedere wasumbufu, ndezi, kenge, ndege wengi. Komba wetu ni wale wa kawaida, ila wanafunzi wa biolojia huwa tunawaambia kuhusu ndugu yao wa Rondo, komba mdogo mno ambaye wanasayansi walimpa jina rasmi miaka ya 1990. Anaishi kwenye misitu michache ya pwani, ikiwemo ya Rondo na Litipo hapa mkoani kwetu, na idadi yake iko hatarini kwa sababu misitu hiyo inaisha. Watu husafiri kutoka mbali kumtafuta, na mwanafunzi wa Lindi anamaliza kidato cha sita bila kumsikia. Kwa kidato cha tano na sita tunaweza kupanga matembezi ya saa moja jioni kusikiliza komba wa hapa, walimu wawili wakiwepo na gari likisubiri. Kulala shambani hapana, hatuna mabweni.

Mnapokea wanafunzi wangapi, na kwa muda gani?

Wasizidi 40 kwa siku, wenye mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi kumi. Wa awali wanakaa saa moja na nusu, wengine kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa saba. Shule yenye darasa la watoto 90 tunaigawa siku tatu. Tunajua nauli inaumiza, lakini mtoto wa mwisho kwenye mstari wa watu 90 haoni kitu zaidi ya mgongo wa mwenzake.

Gharama ikoje?

Shule za serikali za kata za jirani hazilipi kiingilio. Nyingine zinachangia kwa makubaliano, na mchango unategemea umri na muda. Chakula ni juu yenu au tunapika kwa bei ya mahitaji: kwa kawaida ugali, kisamvu cha nazi au mbaazi za nazi, na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha tukiipata. Soda na biskuti za pakiti tunaomba zibaki garini.

Watoto wenye ulemavu wanaweza kushiriki?

Ndiyo, na mtuambie mapema ili tujipange. Njia kuu kutoka lango hadi bustanini inapitika kwa kiti cha magurudumu wakati wa kiangazi. Kipindi cha mvua hapana, tunahamishia vituo karibu na lango. Watoto wenye ualbino tunawapangia asubuhi, chini ya mikorosho, na tuna kofia pana za akiba. Waje na nguo za mikono mirefu. Kwa viziwi, shule ije na mkalimani wake. Wasioona huwa tunaanza nao kwa harufu na mguso: jani la mchaichai, udongo wa mboji, unyoya, bibo.

Vyoo na maji?

Vyoo vinne, viwili vya wasichana, kimoja kikiwa na maji ndani na mahali pa kujisitiri kwa walio kwenye hedhi. Maji ya kunawa ni ya mvua tunayovuna kwenye paa. Ya kunywa njooni nayo.

Wanafunzi wanaondoka na miche?

Tunaipa shule, si kila mtoto, na tunaitoa Desemba na Januari tu. Mche uliotolewa Agosti unahitaji kumwagiliwa miezi minne, na shule nyingi hazina maji hayo. Shule inayotaka mikorosho tunaipa miche iliyobebeshwa, na wanafunzi wanakuwa wameshaona vikonyo vikifungwa.

Tunapangaje siku?

Piga simu au njoo mwenyewe wiki mbili kabla, uwe na darasa, idadi, na mada mnayofundisha muhula huo, maana tunapanga vituo kufuata mada yenu. Lete kibali cha mkuu wa shule na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Hapo hapo wazazi waeleze mzio, pumu, kifafa au dawa anazotumia mtoto, na kama wanakubali apigwe picha. Tungependa mwalimu atangulie siku moja kutembea shambani peke yake. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa kuamkia ziara, kipande cha mwisho cha barabara ya vumbi hakipitiki kwa basi. Tutawapigia saa kumi na mbili asubuhi kabla watoto hawajakusanyika, na tutapanga siku nyingine bila malipo ya ziada.